Kimpumu Kwenye Mtego wa Chupa

Nianze na upuuzi wangu kabla mjomba hajawasimulia kwa kuongeza chumvi: niliwanywesha wadudu kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi.

Niliondoka Kizwite shule zilipofungwa. Mama alikuwa anaumwa mguu, na kule Msanzi kwa mjomba, miti ya misindano aliyotuachia marehemu baba ilikuwa inakauka kuanzia kileleni. "Nenda ukaniangalizie," akasema. "Na uende na akili."

Njiani, juu ya bodaboda, upepo wa Ufipa ulinichapa mpaka nikafika masikio siyasikii.

Msanzi nilimkuta mjomba na Madamu Stela, afisa misitu, wakitundika mitego miwili. Mmoja wa chupa ya maji iliyokatwa madirisha, mwingine wa faneli nyeusi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Yote miwili chambo chake spiriti, kipimo kilekile.

"Utakaonasa zaidi ndio tutaueneza shamba zima," Madamu akasema. "Utuonyeshe mbawakawa walipo, tukate mti mgonjwa kabla haujaambukiza mingine."

"Shikamoo, Madamu. Sasa wakilewa, nani atawarudisha kwao?"

"Wewe," mjomba akadakia.

Jioni Madamu akarudi mjini. Mimi nikamwaga spiriti ya chupa, nikajaza kimpumu cha mjomba.

Asubuhi chupa ilifurika: nzi, nyuki, mbawakawa wa kila aina. Faneli ilinasa wachache tu. Mjomba akampigia Madamu simu, sauti juu: "Chupa imeshinda! Na chupa tunazo tele." Nilipaswa kusema pale pale. Nikanyamaza, mtu mzima kafurahi hivyo.

Tukatundika chupa shamba zima, safari hii na spiriti. Zikakaa tupu. "Shamba safi," mjomba akawa anasema kila tukipita.

Madamu aliporudi alibandua gome la mti mmoja. Chini yake kulikuwa na vijinjia na unga wa mbao. Akabandua wa pili, wa tatu. Hapo nikasema ukweli. Hakunigombeza. Alimwambia mjomba, "Huu upande wote ukatwe, uchomwe."

Siku ya kurudi mjomba alinisindikiza hadi barabarani, moshi wa misindano ukitufuata. Mitego hailinganishwi kama chambo ni tofauti. Hilo nimelijifunza kwa harufu ya moshi.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Alisugua goti, kisha akauliza: "Wakati unajaza hiyo pombe, ulikuwa unamchekesha nani?"