Jicho la Mto

Jana nilifungua dumu la maji kutoka Maramba, hapa Ngamiani, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe niliporudi na stashahada yangu ya maji. Ikanijia harufu ya majani yaliyooza na udongo baridi.

Harufu ile ile ya siku moja ya utotoni, kule Maramba. Bibi alitupandisha mlimani, mimi na binti wa shangazi, tuone mto wetu unapoanzia. Kwa desturi, mtoto mmoja tu ndiye aliyeondoa majani kwenye jicho la maji. Nilijua ni mimi, maana darasani hakuna aliyenipita.

Nilitegemea ngurumo. Tukakuta jiwe lenye utelezi linatoa jasho, tone baada ya tone.

“Mto uko wapi, bibi?”

“Si ndio huo! Msitu unakunywa mvua, maji yanazama mpaka yagote mwambani, kisha yanatafuta pa kutokea. Vijicho kama hivi vikikutana huko chini, unapata mto.”

Mimi nikaona yanachelewa. Nikachukua kijiti, nikachokonoa ili yatoke kwa kasi. Yakawa tope.

“Msomi kautoboa mto jicho!” binti wa shangazi akacheka.

Bibi hakunigombeza. Alimwita yeye aondoe majani. Akapiga magoti, akatoa jani mojamoja, akangoja mpaka maji yakatakata.

Siku hizi nachora ramani za chemchemi, na wakubwa wanazitia saini. Lakini kila msimu wa mvua ukikaribia, wazee wa kule humwita yeye akasafishe jicho.

Dumu la jana kaniletea yeye. Nilikunywa vikombe vitatu mbele yake, nikamwambia ya bomba langu ni matamu zaidi.