Mishono ya Wifi Kabula

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia hata nikiwa kanisani na akili yangu ilitakiwa iwe kwingine. Ilikuwa mchana, jua linachoma mawe ya Mkolani, mtaa wetu wa Mwanza, na mimi nimekaa sakafuni na mkasi mdogo, nafumua kazi ya mtu aliyenipenda. Nilidhani natenda wema. Makosa tunayoyafanya kwa nia njema ndiyo huchelewa kutuuma, lakini yakianza kuuma hayana dawa ya haraka.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mimi ni Mhaya, mzaliwa wa Kagera, na ushonaji nilifundishwa na masista ambao mshono ukipinda kidogo tu walikwambia ufumue uanze upya. Nikaolewa na Msukuma wa Busisi, tukahamia Mwanza, nikaweka cherehani yangu barazani. Nilikuwa fundi hasa, na nilijijua kuwa fundi. Hilo la pili ndilo lililoniponza.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, wifi Kabula, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kukaa kwetu kwa ajili ya matibabu ya macho. Alikuwa mjane aliyemlea binti yake mmoja, Milembe, kwa jembe la mkono. Daktari alimwambia ukweli kwa upole: ni presha ya macho, dawa zitachelewesha tu, giza linakuja. Wifi hakulia. Tulipofika nyumbani aliniuliza, "Wifi Koku, yale mabaki ya vitenge chini ya meza yako, una kazi nayo?"

"Sina, wifi. Ya nini?"

"Milembe anakwenda chuo cha uuguzi Mbeya. Wanasema kule baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Nataka kumshonea blanketi la vipande kwa mkono wangu, wakati bado naona."

Basi tukaanza. Mimi nilikata vipande na kuviunganisha kwa cherehani. Kisha tukalaza blanketi kuukuu katikati, shuka nyeupe chini, na kazi ya wifi ikawa kupitisha mshono wa mkono kuzishikiza zile tabaka tatu. Alishona ameinamisha uso hadi kitambaa kinakaribia kugusa pua.

Tulikuwa na paka wawili, na hao walijipa kazi bila kuajiriwa. Jike tulimwita Dagaa, kwa sababu ambazo mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa. Mwanawe tulimwita Karani, maana chochote ulichokuwa unakifanyia kazi lazima akikalie. Wifi hakumfukuza. Alishona kumzunguka, mpaka mwenyewe achoke na kusogea. Dagaa alilala kwenye mapaja yake, na wifi alimzungumzia Kisukuma kana kwamba ni shangazi yake.

Sasa nisikilize vizuri. Mishono ya wifi ilipinda. Mingine mirefu, mingine mifupi, mingine ilipanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Kila alipokwenda kupumzisha macho mchana, mimi nilichukua mkasi, nikaifumua, nikashona upya kwa mstari ulionyooka. Sikumwambia. Nilijisemea, haoni, na Milembe atapata kitu cha kumpa heshima mbele ya wenzake. Mwenye macho haambiwi tazama, wahenga walisema. Mimi nilikuwa nayo mawili, mazima, na sikuwa naona kitu.

Wiki tatu zikapita hivyo. Siku moja nikiwa napika, nikamsikia ananiita. Nilimkuta amelitandaza blanketi magotini, anapitisha vidole taratibu.

"Wifi, mshono wangu wa jana uko wapi?"

"Si huo hapo, wifi."

"Huu si wangu. Wangu una mlima na bonde. Huu umenyooka kama barabara ya lami." Akasogeza vidole kwenye kipande kingine, na kingine. "Huu pia. Na huu."

"Nilinyoosha kidogo tu, ili lipendeze."

Aliondoa vidole kwenye kitambaa. Kisha akasema, bila hasira, "Kumbe wiki tatu nilikuwa nashona hewa." Akachomoa sindano, akaichomeka kwenye kitambaa, akanisukumia blanketi lote. "Malizia, wifi. Ni lako."

Kesho yake mume wangu akampeleka Busisi. Siku hizi mnapita juu ya daraja hata chai haijapoa, lakini wakati ule ulisubiri kivuko cha ziwa pale Kigongo na ukapata muda wa kutosha kuwaza mabaya yako yote.

Nyumbani nikabaki na blanketi na paka. Nitakwambia kweli: kwanza nilikasirika. Nikasema, mtu unamsaidia, yeye anasusa. Nikashona kwa siku mbili mfululizo, nikamaliza kila kipande, nikazungusha pindo la buluu. Karani alikuja akalikalia, nikamfukuza kwa kanga. Dagaa yeye hakulisogelea kabisa. Alikwenda kulala kwenye kigoda cha wifi, na kila mlango ulipolia aliinua kichwa. Nilipolikunjua blanketi nililiona zuri kuliko kazi zangu zote, na nikajikuta sitaki kulitazama.

Nikalifunga kwenye kitenge nikavuka nalo. Busisi alinipokea mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma chao. Nikampigia magoti, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akaitikia. Wifi alikuwa chumbani, hakutoka.

Mayu akalitandaza blanketi juani. Akaligeuza huku na huku, akatikisa kichwa kwa kulisifu. "Zuri. Hata dukani halipatikani." Kisha akaniuliza, "Milembe akijifunika hili huko kwenye baridi, atamkumbuka nani?"

Nikainama, nikanyoosha pindo lililokwisha kunyooka.

"Binti yangu anapoteza macho, Koku. Hayo anayachukua Mungu, hatuna la kumwuliza. Mikono je, nani aliyeichukua?"

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kufokewa na masista, lakini sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na lile swali lililosemwa kwa sauti ya kuombea maji ya kunywa. Nililia pale pale, kamasi na machozi. Mayu hakunibembeleza. Aliingia jikoni akatoka na wembe, akauweka mkekani mbele yangu, akaenda kuchambua mchele wake.

Nikaanza kufumua. Safari hii nilifumua ya kwangu. Mishono mizuri, midogo, sawasawa, niliyojivunia. Niliikata mmoja mmoja mpaka mkeka ukajaa nyuzi. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, lakini uliyelivunja lazima uinamie vipande vyake. Nilipomaliza nikatunga uzi kwenye sindano, nikaenda mlangoni kwa wifi.

"Wifi, nimekosa. Nimefumua mishono yangu. Sindano hii hapa, nimekutungia."

Nikaendelea kusimama. Miguu ilianza kufa ganzi ndipo nikasikia, "Umetunga uzi wa rangi gani?"

"Mweupe, wifi. Usionekane sana."

"Tunga mwekundu. Kama ni kupinda, nipinde nionekane."

Nikacheka nikiwa nalia, naye nikamsikia anacheka.

Zilibaki siku tano Milembe aondoke, na basi lake lilikuwa linaanzia Mwanza, kwa hiyo tulirudi Mkolani sote wawili na mzigo wetu. Dagaa alimlaki wifi mlangoni kwa kelele nyingi. Tukakaa sakafuni tangu asubuhi mpaka mchana, mchana mpaka jua linapozama, kazi yangu ikiwa moja tu: kutunga sindano. Akimaliza uzi, nampa sindano nyingine. Macho yalipochoka aliyafumba akashona kwa kupapasa, kidole cha kushoto kikitangulia, sindano ikifuata. Karani alijilaza katikati ya kazi kama kawaida yake. "Mwache," wifi alisema. "Ananishikia kitambaa." Mara mbili tatu niliona mshono umekwenda kombo kabisa, vidole vyangu vikawasha. Nikavikalia.

Mshono wa mwisho aliupiga Jumapili tulipotoka ibadani. Akaufunga fundo, akaukata kwa meno, akanikabidhi sindano. "Tumemaliza," akasema. Alisema tumemaliza, mwanangu, wakati nilistahili kusikia kwamba amemaliza.

Milembe akaondoka nalo. Kabla mwaka haujaisha, macho ya wifi yalizima. Kisha ikaja barua kutoka Mbeya, nikavuka nayo Busisi, nami ndiye niliyemsomea. Milembe aliandika kwamba mwenzake wa bweni alimwuliza kwa nini nyuzi nyekundu zimepinda hivyo, akamjibu, "Ndivyo anavyotembea mama yangu." Wifi aliniomba nirudie sentensi hiyo. Nikairudia. Akaniomba tena. Mara ya nne sauti ilinikatika, ikabidi Mayu, ambaye hakujua kusoma, aitamke kwa kuikumbuka kichwani.

Sasa mimi ni mzee, na mabinti wananijia wakilalamika: mama ananiharibia kazi, mdogo wangu hajui kupaka rangi, bibi anakata mboga vibaya. Nasaha yangu ni hii. Mtu akikuletea kazi ya mikono yake, na hasa mtu ambaye muda wake wa kuifanya unapungua, usiitengeneze upya akiwa amekupa kisogo. Kama unaona kosa, mwambie usoni kwa adabu, aamue mwenyewe. Kama hakuomba kusahihishwa, mtungie sindano na unyamaze. Ufundi ni karama, lakini ukiutumia kumfuta mwenzako unakuwa wizi, hata kama hakuna kilichopotea ndani ya nyumba. Na ikiwa umekwisha kukosa, usitume salamu; nenda mwenyewe, usimame mlangoni mpaka miguu ife ganzi.

Mungu akupe mikono inayojua kazi, mwanangu, na akupe pia subira ya kuikalia. Wanaokupenda wakuachie kitu kilichopinda, nawe ujaliwe kukihifadhi kama kilivyo. Nenda salama.