Dada Yangu Aliyepokea Simu

Dada yangu mkubwa anaanika dagaa Katonga, mwalo wa wavuvi ulioko Ujiji. Alianza kazi hiyo nikiwa darasa la nne, baba yetu alipofariki, na ni hao dagaa walionisomesha mpaka nikamaliza chuo cha ualimu. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba sikuwa mtu wa kumfundisha maisha. Lakini mwaka ule nilijaribu.

Ziwa lilikuwa limefungwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane. Lilipofunguliwa, kila mchuuzi alitaka mzigo, na dada hakuwa na mtaji kwa kuwa akiba yote ilikuwa imeliwa nyumbani. Akakopa kwenye simu. Ni ile mikopo ya kubonyeza tu, hujamaliza kunywa chai pesa imeshaingia, ile ambayo watu wanaiita kausha damu. Akanunua dagaa, akawaanika, na mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Dagaa wabichi wakipigwa na mvua siku tatu wanalainika, wananuka, na mwisho unawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Akakopa kampuni ya pili ili ailipe ya kwanza. Haikutosha. Sasa akawa anadaiwa na wawili, na riba zinapanda.

Simu zikaanza. Zilianza kuita asubuhi anapokoka moto, zikaendelea mwaloni mchana kutwa, kila mara kwa namba ngeni. Jumamosi moja nilimkuta anageuza dagaa kwa ufagio, simu inalia kwenye pindo la kitenge chake. Akaitoa, akaiangalia.

"Usipokee, dada," nikamwambia. "Ukipokea tu, wanajua upo. Nunua laini nyingine, hii itupe."

Akaniangalia kama mtoto aliyemwaga uji.

"Namba hii ninayo tangu ninunue simu yangu ya kwanza. Mnunuzi wangu wa Kahama anayo. Mama mkwe wa binti yangu anayo. Nikiitupa nimetupa watu wangu wote. Halafu nikuulize, pesa yao sijaila?"

"Umeila, lakini ..."

"Ego, ndiyo hivyo. Basi nimeila."

Ushauri ule haukutoka kitabuni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekopa kupaua nyumba yangu ya Katubuka, nikashindwa kurejesha, na kwa miezi mitatu simu yangu ilikuwa haitoi mlio. Nikiona namba ngeni naigeuza kifudifudi mezani. Mke wangu alidhani simu imeharibika spika.

Dada hakupokea siku ile. Lakini hakuwa anakimbia. Alisema, "Siwezi kuongea na mtu wakati sijui nitamwambia nini. Wape siku tatu." Siku hizo tatu alikuwa akikaa jioni na kupiga hesabu ya kile anachoweza kutoa bila wajukuu kulala njaa, akikata hapa, akiongeza pale, mpaka akapata kiasi ambacho angeweza kukisema na kukitimiza.

Jumanne nilitoka shuleni nikaenda moja kwa moja mwaloni. Alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, amejifunga kitenge vizuri kama anayesubiri mgeni. Simu ikaita. Akaiweka sauti ya nje, akapokea.

"Wewe mama, unajifanya mjanja?" Ilikuwa sauti ya msichana. "Unakula pesa za watu halafu unatukimbia!"

"Sijakimbia, mwanangu. Nilikuwa sijawa tayari. Leo niko tayari. Habari za kazi?"

Msichana hakuijibu salamu. Nadhani ilikuwa ni muda mrefu hajaulizwa habari na mtu.

"Nataka pesa yote leo kabla ya saa kumi."

"Leo sina. Nikikuambia ninayo nitakuwa nakudanganya. Nitatuma kila Jumamosi nikishauza." Akataja kiasi. "Andika hapo."

"Hapa hatupokei vipande vipande."

"Basi andika kwamba nimesema."

Ndipo msichana akatoa tishio lao: angetuma picha ya dada kwa watu wote waliomo kwenye simu yake, imeandikwa tapeli. Dada akaisogeza simu karibu na mdomo. Sauti yake haikubadilika.

"Hilo siwezi kukuzuia. Jumamosi nitatuma. Kazi njema, mwanangu."

Akakata. Akaomba maji, akanywa vikombe viwili bila kupumua. "Moyo unanienda mbio," akaniambia, "lakini afadhali. Nilikuwa namuogopa mtu ambaye sijamsikia hata sauti."

Alichofanya kesho yake sikukiona kwa macho. Nilisimuliwa na jirani yake pale mwaloni, mama aliyekuja kutoka Burundi akiwa binti na sasa anauza mawese. Wanawake wa Katonga wana kikundi chao cha kusaidiana. Walipokutana, dada alisimama akasema: "Kesho au keshokutwa mtaletewa picha yangu kwenye simu, imeandikwa tapeli. Kudaiwa, nadaiwa. Kutapeli, sijatapeli. Mwenye swali aniulize hapa hapa, asimuulize mwenzake." Wengine walicheka. Mmoja aliuliza anadaiwa kiasi gani, akamtajia mpaka shilingi ya mwisho. Kisha akaanza kupiga simu: kwa mnunuzi wa Kahama, kwa imamu, kwa mama mkwe wa binti yake. Huyo wa mwisho, alisema mwenye mawese, ndiye aliyemtoa jasho.

Alhamisi picha ikaja. Nilikuwa nyumbani, mke wangu anachambua mchele. Akaichukua simu yake, akasoma, akaifuta.

"Wifi alishaniambia," akasema, na akaendelea kuchambua.

Sijawahi kuona silaha ikikosa makali upesi namna ile. Na sijawahi kujionea aibu kama siku ile, nimekaa mbele ya mke wangu, simu yangu imelala kifudifudi.

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Mama mkwe alimnunia dada msimu mzima, na mnunuzi mmoja wa mjini aliacha kumpa oda. Kampuni ya pili iliendelea kumtukana. Kwao alikuwa na utaratibu wake: "Ukitukana nakata. Ukiongea nasikiliza." Na kweli alikata. Wakipiga tena, alipokea tena, kwa sauti ile ile, kama ndiyo mara ya kwanza. Kila Jumamosi alituma alichoahidi, hata Jumamosi ambayo biashara ilikuwa mbaya na nyumbani wakala ugali na mlenda. Baada ya wiki nne kampuni ya kwanza ikaacha kudai yote kwa mkupuo.

Wanawake wengine wakaanza kumletea simu zao. Kumbe pale mwaloni walikuwa wengi wanaojificha. Walitaka awaongelee. Alikataa. "Simu yako, mdomo wako. Mimi nitakaa pembeni." Na alikaa. Nilimkuta mara mbili, bado ana magamba ya samaki mikononi, amekaa kimya karibu na mwanamke anayemwambia mtu asiyemwona kwamba leo hana, lakini mwisho wa wiki atatuma.

Mahindi mabichi ya Simbo yalipoanza kuingia sokoni, alikuwa amemaliza deni la pili. Aliwadai ujumbe wa kuthibitisha, wakautuma. Akanionyesha, mimi niliyetaka laini itupwe.

Ndipo nikamwambia la kwangu, kwenye kibaraza chake Ujiji, nikiwa nimeangalia chini. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu.

"Mkeo anajua?"

"Hapana."

"Basi anza na huyo, mwalimu. Wa kwenye simu ni wepesi."

Alisema kweli. Mke wangu hakuongea nami siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza paa lile liligharimu nini hasa, tukakaa na karatasi mpaka tukapata kiasi cha kutoa kila mwisho wa mwezi.

Wiki ile namba ngeni iliponipigia, nilikuwa shuleni, wakati wa mapumziko. Nikaenda nyuma ya darasa la tano, nikapokea. Sauti ilinitoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

"Mwalimu," akasema mwanaume wa upande wa pili, na alionekana kuchoka zaidi ya kukasirika, "miezi yote hii nakutafuta."

"Najua. Naomba unisamehe. Habari za kazi?"

Nikamsomea kilichokuwa kwenye karatasi. Akasema hawezi kukubali peke yake, atauliza wakubwa zake. Waliafiki baada ya kusumbuana wiki mbili. Bado nalipa. Mke wangu ndiye anayetunza ujumbe wa kila malipo, na simu ikiita tukiwa mezani, huniangalia tu mpaka niipokee.