Mvumo Nyuma ya Jiko

Pale Newala, ambako mtoto alifundishwa kutomwaga maji kabla hajafundishwa kusalimia, Barnaba Nachundu alikuwa akipanda minazi na ndugu wote wa mnazi kwa kupenda tu. Hakuuza nazi, wala hakugema. Riziki yake ilikuwa cherehani, kwenye baraza ya duka moja karibu na boma, na suruali alizoshona zilivaliwa hadi Kitangari. Lakini jua lilipoanza kulegea alikifunika cherehani chake, akaenda nyuma ya nyumba kutazama miti yake, mmoja mmoja, kama mtu anayepita wodini.

Ugonjwa huo, maana majirani waliuita ugonjwa, aliupata vitani. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, na kabla ya kupelekwa Burma waliwekwa kambini katika kisiwa cha Sailani, kusini ya Uhindi. Huko aliona minazi na mipopoo imesimama pande zote za barabara, mirefu, imetulia, kana kwamba haijui kuwa duniani kuna vita. Aliporudi kwenye mikorosho na vichaka vya uwanda wa Makonde, macho yake yalibaki na njaa.

Basi akaanza kuomba. Madereva wa malori ya korosho aliwaomba nazi zilizoota kutoka Mikindani. Kokwa za tende aliziokota mwezi wa Ramadhani kwa majirani zake Waislamu. Mkindu aliuchimba karibu na chemchemi, chini ya genge, akaupandisha mlimani kwa kichwa. Askari mwenzake wa zamani alimletea chikichi za Kigoma zimefungwa kwenye leso. Mingi ilikufa, kwa kuwa uwanda ni mkavu na maji ya miti yake yalikuwa yale yaliyokwisha kuoshea vyombo na kunawia mikono. Iliyopona aliijua kwa majani: huu una jani kama unyoya wa jogoo, ule jani lake limekunjuka kama upepeo. Palipomshinda ni mahali pamoja tu. Mkoche na mvumo, ndugu wa mnazi wa porini, ikiwa michanga ilimchanganya kabisa, kwani yote huanza na jani moja lililokunjamana, na mvumo mchanga yeye hakuwahi kuuona.

Mke wake, Emilia, ndiye aliyeyateka maji hayo bondeni na kuyapandisha. Alikuwa mwenyeji wa Nanganga, mwepesi wa maneno.

"Ningejua naolewa na mitende," alikuwa akisema akitua mtungi, "ningedai mahari kwa mitungi."

Walikuwa na binti mmoja, Regina. Wa pili alizaliwa hana uhai, na Emilia naye alivuja damu siku nzima hadi wanawake wakaanza kunong'onezana. Alipona. Alikwenda kwao Nanganga kupumzika, akarudi na kokwa kubwa lenye nyuzi.

"Nimekuletea mkoche wa kwetu," alimwambia Barnaba. "Ila huu nitautia mimi mwenyewe. Wewe chimba."

Barnaba alichimba, naye akaliweka kokwa shimoni kwa mikono miwili, akalifukia taratibu. Barnaba alifurahi mno. Alidhani hatimaye mkewe ameambukizwa.

Mvua za misimu mitatu zilipita. Mti uliota nyuma ya jiko, ukatoa majani mapana, magumu, ya kijani kilichofifia. Emilia alikuwa mjamzito tena, na mimba ilikuwa imekaribia mwisho wake. Regina alipelekwa kwa shangazi yake Chiungutwa ili mama yake apumzike.

Asubuhi moja ya ukungu alifika Majaliwa, muuza samaki wakavu kutoka mto Ruvuma, akiisukuma baiskeli yake. Alitaka kiraka cha suruali.

"Shikamoo, Baba Regina."

"Marahaba. Umekalia nini safari hii, mamba?"

"Tandiko la baiskeli lina meno kuliko mamba, baba."

Alizunguka nyuma ya nyumba avue suruali na kujifunga shuka. Barnaba alimsikia akinyamaza ghafla. Majaliwa hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliporudi alikuwa ameshika suruali mkononi, shuka limefungwa vibaya.

"Baba Regina, nani kapanda mvumo pale?"

"Mvumo gani? Ule mkoche."

"Mimi nalala chini ya mivumo kule mtoni mwezi mzima, nisiujue? Ule mvumo. Nani kautia ardhini?"

Barnaba alijaribu kucheka. "Kwani kuna nini?"

Majaliwa alishusha sauti. "Mvumo haupandwi na mtu mwenye siku mbele yake. Kule kwetu ndovu ndiye anayeupanda, anakula tunda, anatupa kokwa na mavi yake, anakwenda zake. Au apande kikongwe ambaye sanda yake imekwisha kukunjwa. Mvumo ukimpita mpandaji kichwa, mpandaji anazikwa. Nani kapanda?"

"Mimi," alisema Barnaba. Alisema upesi, kama mtu anayeweka mkono mbele ya jicho lake.

"Basi Mungu akusaidie, baba," alisema Majaliwa, na kile kiraka hakukingoja.

Barnaba alikuwa Mkristo wa misheni. Kila Jumapili alisimama kanisani akasema kwa sauti yale anayoyaamini, na mvumo haukuwamo. Aliketi kwenye cherehani akajiambia kwamba samaki wakavu na maneno makavu hutoka kapu moja. Lakini siku ile alishona mkono wa shati kwenye kola, na mwenye duka akamuuliza kama ana homa.

Jioni alikwenda nyuma ya jiko. Emilia alikuwa amekaa juu ya jamvi, miguu ameinyoosha, tumbo limepanda hadi karibu na kifua, anachambua mbaazi kwenye ungo. Mti ulikuwa kando yake. Upepo ulivuma kidogo na jani moja likainama, likaja kusimama juu ya kitambaa cha kichwa chake, kama mkono wa mtu anayetaka kumbariki.

Lilikuwa limekwisha kumpita kichwa.

"Inuka!" alisema Barnaba.

"Nini? Nyoka?"

"Inuka tu, Mama Regina. Inuka hapo."

Emilia aliinuka kwa shida, ameshika kiuno, akatazama chini kote. "Nyoka yuko wapi?"

"Nilidhani nimemwona."

"Ulidhani! Umeniinua na mzigo wote huu kwa kudhani. Haya, chambua wewe mbaazi."

Alichambua. Nyingine zilimponyoka zikaangukia chini ya mti. Usingizi ukamwacha tangu hapo. Kila mkewe alipogeuka kitandani aliuliza, "Vipi?" na Emilia alijibu kwa kuguna. Akisinzia, aliiona tena ile siku ya damu, vitambaa vinavyotoka vyekundu na kurudi vyekundu, na juu yake mti unaongezeka urefu. Kumwambia hakuthubutu. Mwanamke aliye karibu kujifungua huambiwa kwamba ameshika kaburi lake kwa mikono miwili? Aliona njia moja tu. Kisichokuwapo hakiwezi kumpita mtu kichwa.

Alingoja siku Emilia alipokwenda kwa Bi Stamili, mkunga wao, nyumba ya tatu. Alichukua jembe na panga. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, ila mti haukutaka. Alichimba hadi kiwikoni, hadi begani, na mzizi uliendelea kushuka, mnene, mweupe, umenyooka kuelekea kusikoonekana. Kila mkulima wa miti hii anajua: mnazi mchanga utauhamisha, mkindu utauhamisha, lakini ule unaozamisha mzizi namna hii ukiukata umeuua. Barnaba alilijua hilo. Aliingiza panga shimoni, akakata. Mlio wake ulikuwa kama wa mfupa.

Aliutupa mti nyuma ya ua, akalifukia shimo, akalikanyaga. Alikuwa bado ananawa mikono aliposikia sauti za wanawake njiani.

Bi Stamili alikuwa amemshika Emilia kwapani. Kanga ya Emilia ilikuwa imelowa hadi chini.

"Chupa imevunjika," alisema mkunga. "Mtoto ana haraka kama tarishi. Washa moto, kisha toka humu."

"Twende naye hospitali ya misheni, Bi Stamili."

"Utampeleka kwa kumrusha? Washa moto, Baba Regina!"

Aliwasha moto, akatoka, mlango ukafungwa. Alisimama ukutani, upande wa jiko, maana hapo palikuwa na ufa na sauti zilipita. Alimsikia Emilia akihema, akiuma kitu, akiachia. Kisha akasikia akiitwa.

"Baba Regina."

"Nipo."

"Nenda kakae na mkoche wangu. Nataka mtu akae nao."

Barnaba alisogelea ufa. Ule woga aliokuwa akiubeba peke yake ulimtoka mdomoni kabla hajauzuia. "Emilia, si mkoche. Ni mvumo."

Ndani Emilia alihema mara mbili.

"Najua ni mvumo," alisema Emilia. "Nimezaliwa Nanganga mimi, nisijue mvumo? Nilisema mkoche usije ukaogopa."

"Ulijua? Na yale wanayosema juu ya mpandaji, uliyajua?"

"Wanasema nini? Wanasema utakapoinua shina ukampita, atakufa. Shina, Baba Regina, si majani. Majani hata mhindi unayo. Mvumo kuinua shina…" Uchungu ulimkata, akanguruma, kisha akarudi, sauti imepungua. "Mvumo kuinua shina ni kazi ya miaka na miaka. Bibi yangu aliuona mmoja tangu ni msichana hadi ana wajukuu, bado umekaa chini kama chura. Wewe hukuniona siku ile nilivyokwisha. Nilikuwa nakwenda. Nilipopona nikasema, nitapanda ule ambao ndio utakaonizika. Mpaka upate shina, hakuna kingine chenye ruhusa ya kuniua. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Kwa hiyo mimi siogopi. Mti umesimama?"

Barnaba alitazama pale alipofukia, udongo mwekundu umeshindiliwa na nyayo zake mwenyewe.

"Umesimama," alisema.

Alikimbia nyuma ya ua. Mti ulikuwa umelala kifudifudi, majani yameanza kujikunja kwa jua. Aliuburuta hadi nyuma ya jiko, akaufukua udongo kwa mikono, akausimamisha ndani ya shimo, akaufukia, akaachia. Ukaanguka. Hapakuwa na mzizi wa kuushika. Akauinua tena, akapiga magoti, akaushika kwa mikono yote miwili, na mgongoni mwake ukuta ulipitisha sauti ambazo hakutaka kuzisikia na hakuthubutu kutozisikia. Vitani aliwahi kulala ndani ya handaki huku mabomu yakitafuta, lakini huko alikuwa na wenzake na aliyekuwa akitafutwa ni yeye. Hapa alijiona ndiye bomu. Alisali sala zote za misheni, na kati ya sala na sala aliuomba radhi mti. Hakujua tena ipi ni dhambi na ipi ni kinga, akayafanya yote.

Mtoto alilia. Barnaba hakuachia.

Bi Stamili alitoka na beseni. Hakumtazama. Alimwaga, na kilichomwagika kilikuwa chekundu sana.

"Wa kiume," alisema.

"Na mama yake?"

"Ngoja kwanza."

"Bi Stamili!"

"Nimesema ngoja. Unafanya nini na jani hilo?"

Aliingia. Barnaba alingoja. Kuku walirudi kutoka kwenye mihogo, wakamchungulia, wakapita. Magoti yalikufa ganzi. Mkunga alitoka na beseni mara nyingine, na tena, na kila mara Barnaba alitazama rangi ya maji, na kila mara alishindwa kusema kama yamepungua wekundu au ni macho yake yanayoomba. Mara ya mwisho Bi Stamili aliliweka beseni chini, akakaa kizingitini, akafuta uso kwa pembe ya kanga.

"Damu imekatika," alisema. "Anataka uji. Anauliza kama mvumo umesimama."

"Mwambie umesimama."

"Umeushika."

"Mwambie umesimama!"

Emilia alipopata nguvu ya kutoka nje, Barnaba alikuwa ameuegemeza mti kwa vijiti vitatu na kuufunga kwa kamba ya mkonge. Majani yalikuwa ya manjano hadi ncha. Alikuwa ameutilia maji kila siku, maji safi, ya kunywa. Emilia alikuja na mtoto mgongoni, akatazama, akashika jani moja na kuvuta. Mti wote ukaja mkononi, mwepesi kama ufagio. Aliukagua chini, palipokatwa na panga. Barnaba alisubiri maneno.

"Lini?"

"Siku ile ile. Kabla hamjafika."

Emilia alikaa chini. Barnaba aliuona kwa mkewe ule woga ambao mwenyewe alikuwa nao, umechelewa kufika.

"Kwa hiyo mle ndani sikuwa na kitu," alisema.

"Hukuwa na kitu."

"Nilimzaa huyu hivi hivi tu."

"Hivi hivi."

Mtoto alianza kulia; Emilia akamzungusha mbele, akamnyonyesha. "Nenda Nanganga," alisema mwisho. "Mama ana kokwa jingine. Na mikono hiyo yako usiitie kwenye mti wangu mwingine wowote, umesikia? Mikono ya panga."

Barnaba alikwenda kwa lori, akarudi na kokwa hilo. Alichimba shimo mahali papya, mbali na jiko, akampa Emilia kokwa. Emilia hakulipokea.

"Litie wewe," alisema.

"Mimi? Ulisema mikono yangu…"

"Nimebadili. Mimi nimekwisha zaa bila mvumo, nimejua kunakuwaje. Wewe ndiye hulali."

Barnaba alishika kokwa. Lilikuwa zito, lenye nyuzi kama kichwa cha mtoto. Alipiga magoti ukingoni mwa shimo, akakaa hapo na kokwa mikononi.

"Unaogopa?" aliuliza Emilia.

"Naogopa."

"Basi tia, ufukie. Jua linawaka, na mwanao anataka kuoga."

Akalitia.