Matundu ya Skrubu Jikoni Kwangu

Mlango wa kabati ulimwangukia mama mkwe wangu mguuni alipokuwa akitafuta sukari. Hakuumia. Alisimama katikati ya jiko langu hapa Kitengela, akautazama mlango pale chini, akanitazama mimi, kisha akauliza, "Pakiteng, hii nyumba iko na mwanamke kweli?"

Pakiteng ndivyo tunavyoitana, mimi na yeye, tangu siku niliyoolewa akanipa ng'ombe, kama ilivyo desturi ya Wamaasai. Ni neno la heshima, na kwa hiyo swali lile liliniuma zaidi. Mama huyu alijijengea nyumba yake ya kwanza kule Kajiado kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia kusimamisha fito hadi kukandika samadi. Kwao nyumba hujengwa na mwanamke, na ikivuja huzibwa na mwanamke. Mimi nimelelewa Kisaju na wazazi Wakikuyu waliohamia kutoka Nyeri, na kwetu mlango ukilegea huitwa fundi.

Basi kwa mlango ule fundi alikuwa ameshaitwa kabla haujaanguka. Alikaza skrubu nene zaidi katika matundu yaleyale yaliyolika, akanywa chai, akaenda zake. Kabati zangu si za mbao halisi. Ni zile bodi za vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi. Mvuke wa sufuria ya githeri ukiziingia huvimba na kumomonyoka kama mandazi ya juzi. Skrubu zake nene zilimaliza kidogo kilichokuwa kimebaki.

Mume wangu alisema atatafuta fundi mwingine. Nikamwambia asithubutu. Mama yake alikuwa ameahidi kurudi Pasaka, naye akirudi nilitaka akute kazi ya mkono wangu. Nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika hufanya kazi vizuri sana.

Juu ya friji mama mkwe alikuwa ameacha vijiti vya oloirien, ule mzeituni-mwitu ambao huchomwa na kusuguliwa ndani ya kibuyu ili maziwa yanukie. Ni mti mgumu ajabu. Nilichukua kijiti kimoja, nikakipasua kwa kisu na kuchonga vipande vyembamba. Nilifungua bawaba, nikakwangua unga wote uliolegea ndani ya matundu, nikachovya vipande vyangu kwenye gundi ya mbao na kuvigongelea ndani mpaka hakikuingia kingine. Kisha nikaharibu. Sikungoja gundi ikauke, wala sikutoboa njia ya skrubu. Nilikaza kwa nguvu zangu zote na bodi ikapasuka ukingoni. Nilitukana, kwa Kikuyu, kwa sababu Kiswahili hakikutosha.

Nilianza upya, nikahamisha ile bawaba juu kidogo, mahali pazima, nikatoboa matundu mapya na kuyajaza vijiti vyenye gundi. Safari hii niliacha gundi ikauke hadi kesho yake, nikakata vichwa vya vijiti vikawa sawa na bodi, nikatoboa katikati kwa drili yenye ncha nyembamba, nikarudisha skrubu za kawaida. Skrubu ilipofika mwisho bisibisi ilikataa kuzunguka tena, na mkono wangu ukajua kwamba imeshika. Nilifunga na kufungua mlango ule hadi mume wangu akaja kuuliza nimepoteza nini humo ndani. Sikuwa nimepoteza kitu. Nilikuwa najivunia, na nikamwambia hivyo.

Baada ya hapo nilirudia kazi ileile kwenye kila mlango wa jikoni, hata milango iliyokuwa bado haijalegea sana.

Pasaka mama mkwe alifika, akasalimia, akaenda moja kwa moja jikoni. Aliushika mlango kwa mikono miwili, akauegemea kwa uzito wake wote. Haukutikisika. Akainama, akakwaruza kwa ukucha kando ya bawaba, pale nilipoziba matundu ya zamani.

"Hii ni oloirien," akasema.

"Ni ile yako, pakiteng."

Akaufunga mlango taratibu, akaketi, akaomba chai. Nakiri nilinuna kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa kusifiwa.

Mvua ndefu zilipoisha alipiga simu. Humpigia mwanawe kila mara, kwa mambo ya ng'ombe na ya nyumbani kwake, nami huambulia salamu za mwisho. Mume wangu alikuwa ameiweka simu mezani kwa sauti kubwa huku akila.

"Takwenya, yeyo," akamsalimia mama yake, kisha akaanza kuuliza habari za malisho.

"Hiyo tutaongea baadaye," mama yake akamkata. "Nipatie mwenye nyumba."

"Yeyo, si ndio mimi?"

Mama yake akarudia, "Mwenye nyumba." Mume wangu akanitazama, akacheka, akaisukuma simu mbele yangu.

"Pakiteng," mama mkwe akasema, "mlango yangu imekataa kufunga. Usinitumie fundi. Kuja wewe."