Shati la Inspekta Lililotoweka Kambani

Mnaniuliza kila siku tamthilia gani ya polisi inafaa kuangaliwa. Ile ya Inspekta, basi. Na ile ya vita vya zamani iliyotengenezwa na kampuni hiyohiyo. Hadithi zenyewe za kawaida tu, tusidanganyane. Angalieni nguo. Koti la mwanajeshi limechakaa begani, palepale unapopita mkanda wa bunduki. Hiyo ni kazi ya mama mdogo wangu, tunayemwita Mama Sare. Alilisugua kwa msasa, akaliloweka kwenye majani ya chai, akalikanyaga kama ana ugomvi nalo.

Yeye ndiye mtunza mavazi. Anashona, anafua, anapiga pasi, na zile sare za polisi analala nazo chumba kimoja, maana kibali cha kuzitumia kina jina lake. Ikipotea hata moja, anayejibu ni yeye.

Jumamosi moja alianika mashati ya Inspekta uani, akakimbilia jikoni kuepua sufuria. Kurudi, kamba ina pengo. Vibanio viwili vinaning'inia vyenyewe.

"Nikayahesabu mara mbili," aliniambia. "Nikasema ni upepo. Upepo gani unafungua vibanio?"

Alitafuta nyuma ya pipa, chini ya karo, mpaka juu ya paa la choo. Hakuna kitu. Aende kituoni? Akaseme nini, kwamba shati la polisi lenye vyeo mabegani aliliacha nje kama taulo? Akaenda dukani kununua sabuni asiyoihitaji, ili asikie watu wanasema nini.

"Dada, umesikia?" muuza duka akamwanza. "Huko barabara kuu mtu kavaa kipolisi, kasimamisha pikipiki, kaondoka nayo!"

"Shati lake jipya au la zamani?"

"Kwani mimi fundi cherehani? Nimesikia tu."

Akatoka bila sabuni. Kila mwanaume anayepita anamkagua mabega. Honi ikilia anaruka. Kichwani tayari ameshafungwa, na sisi ndugu tunampelekea dawa ya meno.

Akaona amuulize jirani yake, Mama Pacha, ambaye mumewe ni dereva wa malori na nyumbani anapita kama mgeni. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Akasukuma.

Shati hilo hapo! Limepigwa pasi, limetundikwa dirishani, linaangalia njia. Chini yake viatu vikubwa vya mume, kama mtu kavivua sasa hivi.

"Mama Pacha!"

Mwenzake akageuka, ufagio kauinua juu. Wakapiga yowe wote wawili.

"Hodi huijui wewe?"

"Na wizi unaujua! Unataka nikaozee jela?"

"Nimeazima tu, dada." Akaushusha ufagio. "Wamevunja nyumba ya nyuma. Wakavunja ya mbele. Katikati yuko nani? Mimi na hawa wawili. Juzi nimesikia mtu anajaribu kitasa. Nikasema wakichungulia wakaona shati, watajua humu kuna mwanaume."

"Si ungeniomba!"

"Ungenipa?"

Mama Sare asingempa, na wote walijua.

Akalishusha shati. Mama Pacha hakubisha. Aliwavuta pacha wake karibu, akabaki anaangalia lile dirisha tupu.

Sasa mama mdogo alitakiwa apumue, si ndiyo? Shati analo mkononi. Wapi! Alipofika kwake akakumbuka ukuta wao ni mmoja, na kitasa chake kibovu kuliko cha jirani.

Tangu hapo sare zote zinaanikwa kwenye kamba ya Mama Pacha, mbele ya dirisha lile, mpita njia azione. Mama Sare anakaa na kigoda pembeni mpaka zikauke. Sufuria iungue, haondoki.

Juzi alileta shati moja. Mama Pacha akatoa kichwa dirishani, macho yanazunguka njia nzima.

"Leo mmoja tu?"

"Wenzake wako zamu," Mama Sare akajibu kwa sauti, ili na njia isikie.