Fundi Aliyemkana Baba

Fundi huyu wa nguo, kushona alijua, jamani. Lakini sketi zake mwenyewe zilikuwa ndefu na pana, za kufagia sakafu, kwa sababu alizaliwa na mkia. Mama yake mzazi alimfunga kitambaa kiunoni akamwonya asimwonyeshe mtu. Hakumwonyesha mtu.

Alipanga nyumbani kwa mwanamke ambaye wote walimwita Shangazi, wa maneno machache na sufuria kubwa, aliyewapokea waliokataliwa kwingine. Humo aliishi seremala mzee mwenye mbawa. Fundi alimwita Baba, kwa kuwa ndiye aliyemchongea meza ya kukatia nguo na kumuuguza alipopata homa. Shangazi alikuwa na sharti moja tu: mezani hakuna kujificha. Mwenye mbawa avue koti, mwenye pembe avue kofia, ndipo chakula kipakuliwe. Fundi hakuvua kitu. Wakamchukulia kuwa hana lake la kuficha, wakampenda hivyo hivyo, naye akala kwa haya.

Asubuhi moja Baba alikuwa nyuma ya pazia katika chumba cha kushonea, akisubiri kujaribu koti jipya lenye nafasi ya mbawa. Akaingia bibi mmoja na kitambaa cha gauni la harusi ya bintiye, kazi ambayo ingemtangaza fundi mji mzima. Bibi akauliza kama ni kweli anakaa na wale viumbe. Nyani haoni kundule! Fundi, mkia umejikunja chini ya sketi, akacheka kidogo.

"Mimi? Wale hata siwajui."

Bibi alipoondoka, pazia lilifunguka. Baba alivaa koti lake la zamani, akatoka. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni, mezani, Baba alimsogezea bakuli kama siku zote, na hilo ndilo lililommaliza. Akasimama, akafungua kile kitambaa, mkia ukaanguka mbele ya wote. Akalia. Akasema ameuonea aibu maisha yake yote, ndiyo maana akasema vile. Shangazi alimwambia akae, mchuzi unapoa. Mwenye pembe akasema afadhali, kumbe huo ndio unaoangusha vikombe kila siku. Watu wakacheka, isipokuwa Baba.

"Mkia haujanikosea kitu, mwanangu," alisema. "Ulimi ndio ulionikana."

Hapo ndipo fundi alipojua kwamba miaka yote alikuwa akiona aibu pasipo pake. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wake ulikuwa umejikwaa ukamwangukia mzee wa watu. Usiku ule hakulala.

Kesho yake alimwomba Baba arudi kujaribu koti. Akaja, kanuna. Yule bibi aliporudi kuleta vipimo, alimkuta mzee amesimama katikati ya chumba, mbawa wazi.

"Jana nilikudanganya," akamwambia bibi. "Huyu ni baba yangu."

Bibi alimtazama mzee, akautazama mkia uliochungulia chini ya sketi, akakusanya kitambaa chake akaenda zake. Fundi akainamisha uso. Hakuthubutu kumtazama Baba, maana aibu ya jana ilikuwa bado mbichi.

"Bado nina hasira," Baba akasema. "Lakini umeniita mbele ya mtu, na mimi nimeitika."